Vifungo vya Ijumaa

Niseme ukweli mapema: nilikuwa naiba mafundo. Kifungo cha shati hushonwa kwa uzi maradufu, unapita matundu yote manne mara tatu, halafu unauzungusha chini ya kifungo na kupiga fundo upande wa ndani. Mimi fundo nililiacha. Si kwa kila mteja, kwa mmoja tu, na sababu ilikuwa moja. Nilitaka kifungo kitoke ili mwenyewe arudi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa kujifunza katika duka la ushonaji nyuma ya soko la Machakos, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mwenye duka alikuwa mama mnene wa mwili na mwembamba wa maneno. Nilimwita mwaitu, kama Wakamba tunavyowaita mama zetu. Yeye ndiye aliyepiga pasi kila nguo kabla haijatoka, huko nyuma ya pazia, kwa pasi ya makaa ambayo hakumruhusu mtu mwingine kuigusa. Na alikuwa na sheria moja: nguo ikitoka dukani kwake na kasoro, aliyeishona anatoka pia. Wasichana wawili walionitangulia walikuwa wameondoka hivyo, mmoja kwa sababu ya zipu.

Mteja wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, huko njia ya Kangundo. Kila Ijumaa, siku ya soko, alifika saa kumi na moja jioni, vumbi la chaki likiwa bado vidoleni, shati limekunjwa ndani ya gazeti.

"Fundi, hii shati imetoka kifungo tena."

"Pole, mwalimu. Labda unafundisha ukirusha mikono."

"Labda."

Halafu alikaa kwenye benchi, nami nikashona kifungo kimoja kwa utaratibu wa mtu anayeshona gauni la harusi. Nikimaliza, nilipitisha shati nyuma ya pazia, mwaitu akalipiga pasi, mwalimu akalipokea na kwenda zake. Alikuwa na koti la kijivu lililolegea kidogo upande wa kushoto, na koti la namna hiyo hunisumbua kama jiwe ndani ya kiatu. Nilimwambia mara mbili aniachie nilinyooshe, akakataa mara mbili. Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu kwa miezi saba, dakika kumi kwa wiki. Siku zilizobaki niliishi kwa kuzingoja hizo dakika kumi.

Jumapili moja nimetoka kanisani, mvua ya Novemba ikanishika karibu na kibanda cha video. Msichana wa kwaya hakutakiwa kuonekana pale, lakini nguo yangu ya kanisani ilikuwa mpya, nikaingia. Ndani kulikuwa na wanaume kama ishirini na runinga moja kuukuu juu ya meza. Mwenye kibanda, kijana mwenye kofia, alikuwa ameandika kwa chaki ubaoni kwamba leo ni sinema ya mapenzi makali. Kumbe kanda ilikuwa ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, na maneno ya tafsiri chini ya picha yalikatwa na runinga, tukabaki kuona vichwa vya herufi tu. Watu walinung'unika. Mvua ilipokatika, nusu yao waliondoka. Mimi mvua niliisahau.

Kwa kuwa hakukuwa na maneno, ilibidi nitazame. Mwanamume anaishi peke yake chumbani. Ng'ambo ya ua anaishi mwanamke, anaanika nguo. Siku moja kifungo cha gauni la mwanamke kinaanguka, mwanamume anashuka mbio kukiokota. Nikangoja akirudishe. Hakurudisha. Alikwenda nacho chumbani, akakishona ndani ya koti lake, kwenye bitana, upande wa moyo. Alishona vizuri, na fundo akapiga. Kikaanguka cha pili, akakishona pia. Cha tatu. Na katika muda huo wote hakumsemesha yule mwanamke hata mara moja.

Waliobaki kibandani walikuwa wanangoja busu. Mimi niliona koti. Mwanzoni lilikaa sawa mabegani. Baada ya vifungo vichache, upande wa kushoto ulishuka inchi moja. Baadaye mbili. Hakuna aliyelitaja, hata yule mwanamume mwenyewe hakulitazama, lakini fundi haoni kitu kingine. Nilielewa kwamba mahali fulani, katika nchi nisiyoijua, kulikuwa na fundi mwenzangu aliyeambiwa alishone koti lile mara tano au sita, kila mara zito kuliko la jana, ili sisi tuone kwa macho uzito wa kitu ambacho mtu amekificha moyoni. Hakuandika, hakuimba, alishusha bitana tu. Nilitaka kusimama niwaambie wale wanaume watazame.

Kisha nikaona chumba. Kabati lilikuwa karibu na kitanda kuliko mwanzo. Au macho yangu? Dirisha nalo, lililokuwa pana, mapazia yalizidi kulibana hadi likabaki wazi kidogo tu, jembamba kama tundu la kifungo, na kupitia hapo ndipo mwanamume alipochungulia dunia. Mwishoni anasimama mbele ya mlango wa mwanamke. Anainua mkono abishe. Mkono unafika kifuani, koti linamlemea, mkono unashuka. Halafu picha ikatuonyesha upande wa pili wa mlango. Mwanamke ameketi, gauni halina kifungo hata kimoja, amelishika kwa pini, na anautazama mlango.

Ikaisha hapo.

"Hii ni sinema gani," mtu mmoja akauliza, "mtu mzima anashindwa kupiga hodi?"

Nilitoka nje nikitembea haraka bila sababu. Sikulala vizuri siku hiyo wala iliyofuata. Jumanne wakati wa chakula cha mchana nilikimbia kibandani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, nikamwomba yule kijana aniwekee tena ile kanda na asimamishe picha kila nitakapomwambia. Alidhani natania. Nilipoitandaza futi juu ya kioo cha runinga alivua kofia.

"Dada, unapima TV? Unataka kuishonea nguo?"

"Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Simamisha."

Kati ya kitanda na kabati, mwanzoni, inchi tano. Katikati ya filamu, mbili na nusu. Mwishoni, kidole changu hakikupita. Chumba kilikuwa kimepungua kweli. Nilipiga makofi kama mtoto. Yule kijana alitazama, akarudisha nyuma mwenyewe, akatazama tena.

"Mimi nimeonyesha hii kitu mara sita na sikuona," alisema, kisha akaenda kumwita muuza viatu wa jirani aje apime.

Jina la filamu silijui mpaka leo. Lebo ilikuwa imebanduka, na baadaye kanda ilirekodiwa mpira juu yake. Lakini siku ile nilirudi dukani nikiwa na furaha ya ajabu, nikamsimulia mwaitu yote huku akipiga pasi sare za shule. Nilimwonyesha kwa mikono jinsi koti lilivyoshuka. Nilimweleza kwamba chumba si chumba, ni kichwa cha yule mtu, na kila akiitamani ile nyumba ya pili, yake inapungua nafasi. Maneno yalinitoka kama maji ya mfereji. Mwaitu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na kwa nini hakuongea?"

"Aliogopa, mwaitu."

"Aliogopa nini, na mama wa watu amekaa tu hapo?"

Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimepima chumba cha mtu wa kwenye runinga kwa inchi na nusu inchi, na changu sikuwahi kukigusa. Nikakipima sasa, nimesimama pale na shati la mtoto mkononi. Nyumbani Kithyoko sikuwa nimekwenda tangu Pasaka, kwa sababu gari la kwenda lilimaanisha kukosa Ijumaa. Mtihani wa ufundi, ule wa kupata cheti, niliuacha upite kwa sababu ulifanyika Ijumaa. Kwaya nilihama kutoka mazoezi ya Ijumaa. Wiki yangu yote ilikuwa imebaki dakika kumi, na hata hizo nilizitumia kuongea habari za shati.

Nililibeba hilo mpaka Alhamisi. Alhamisi jioni, wateja wameisha, nikaenda nyuma ya pazia nikiwa nimekwisha kukunja aproni yangu.

"Mwaitu, niko na kasoro imetoka hapa dukani. Imetoka mara nyingi."

"Ya vifungo vya mwalimu?"

Alikuwa hata hajaacha kupiga pasi.

"Tangu ile ya kwanza," alisema. "Nilipitisha pasi, kifungo ikacheza. Nikairudia mwenyewe, uzi mara nne na fundo. Na kila wiki hivyo hivyo. Unafikiri shati itoke kwangu na kifungo ya kuning'inia? Ningekufukuza, lakini nilitaka kuona utafika wapi. Mapenzi ni kikohozi, mwiitu, binti yangu. Wewe umekohoa miezi saba."

Nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Sikufukuzwa! Nilikuwa nimeanza kuivaa aproni upya ndipo akili iliponifika.

"Mwaitu, kama ulikuwa unavirudia, vilikuwa vinatokaje?"

Akageuza shati upande wa pili.

"Hiyo sasa si swali ya shati," alisema.

Sijawahi kuiona Ijumaa ndefu kama ile. Nilishona mkono wa kushoto mahali pa kulia nikaufumua. Saa kumi na moja akatokea, na gazeti lake.

"Fundi, hii shati imetoka kifungo tena."

Nikalichukua hadi mlangoni kwenye mwanga. Uzi uliochomoka huacha ncha ndefu na laini. Uzi uliochakaa hufumuka nyuzi nyuzi. Huu ulikuwa na ncha zilizolingana zote, fupi, safi, na upande wa ndani fundo la mwaitu lilikuwa bado limekaa pale pale, gumu kama punje ya mtama. Kwa miezi saba nilikuwa nikiving'oa vile vipande vya uzi bila kuvitazama, kwa sababu nilidhani nakijua kilichovitoa.

"Mwalimu, hii imekatwa."

"Labda panya."

"Panya wa kwenu wako na wembe?"

Mkono wake wa kulia ulipanda taratibu mpaka kifuani, juu ya koti, upande wa kushoto, ukatua hapo. Mungu wangu. Ule mkono niliujua. Niliujua ulikotoka na ulikoishia, nilikuwa nimeutazama ukishuka mbele ya mlango mara mbili. Hakuna mtu atakayeongea hapa, niliwaza, tutazeeka hivi, yeye na wembe wake na mimi na sindano yangu.

"Mimi nilikuwa siviwekei fundo," nilisema. "Vyako tu. Nilitaka urudi."

Nyuma ya pazia pasi ilisimama.

Mwalimu aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kikopo cha bati, cha mafuta ya kujipaka, chenye kifuniko cha kusokota. Alikifungua juu ya meza yangu ya kukatia. Ndani kulikuwa na vifungo vyeupe vya shati, vyote vilivyotoka tangu mwezi wa nne, vingine bado vina kipande cha uzi wa mwaitu, na chini yao kiwembe kilichofungwa kwenye karatasi ya daftari. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi niliyejidai kusoma makoti nilikuwa nimelitazama lile koti la kijivu likilegea upande mmoja kila Ijumaa, nikadhani ni ushonaji mbaya.

"Sikujua nivipeleke wapi," alisema.

Koti lilikuwa limepanda. Begani lilikuwa limekaa sawa kabisa.

Ijumaa iliyofuata, saa kumi na moja, alikuja mikono mitupu. Hakuwa na gazeti wala shati. Mwaitu alichungulia kutoka nyuma ya pazia na kumtazama tangu kola hadi viatu.

"Leo umeleta nini, mwalimu?"

"Sijaleta kitu," alijibu, kwa sauti ya darasani, hata watu waliokuwa wakifunga mizigo yao nje wakageuka. "Nimekuja kumwona fundi."