Tablet ilisema darasa langu linaongoza, kumbe watoto hawajui kusoma: yaliyonipata Gatuanyaga

Wakuu, sasa.

Kuna mahali humu nimeona watu wakisema walimu wa private ni wavivu. Nikacheka, nikakasirika, nikachemsha chai, nikaamua kuandika. Haya yalinipata mimi mwenyewe na siongezi chumvi. Majina tu ndio nimebadilisha, maana bado natafuta riziki mjini hapa.

Nilimaliza college nikakaa kwa mathe, mama yangu, huko Ngoingwa bila kazi, hadi akaanza kuniuliza "mgeni atakula nini leo?"

Basi nikapata kazi kwa shule moja ya kampuni huko Gatuanyaga. Mnazijua. Ada ya chini, mabati yamepakwa rangi moja, na wenye shule hawaishi nchi hii. Amerika wako na kitu wanaita charter school, shule ya umma inayoendeshwa na watu binafsi. Yetu ilikuwa binamu yake wa mbali, aliyeachwa kwa vumbi.

Kazi yenyewe iko hivi. Unapewa tablet. Ndani kuna somo lote, neno kwa neno. "Sema: Wanafunzi, fungueni kitabu. Subiri. Sema: Vizuri sana." Hata makofi yameandikwa ni saa ngapi.

Mimi na diploma yangu nikawa mtangazaji wa redio.

Ukimaliza ukurasa unabonyeza, na ofisini wanaona umefika wapi. Ukichelewa, Madam Stella, supervisor wetu, anakupigia. Madam Stella hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa kusema "coverage", yaani umemaliza kurasa ngapi, vile watu wengine husema "amen".

Na mimi wacha niwe mkweli, mwanzoni nilipenda. Hakuna kuandaa somo. Grade Three yangu walikuwa wanasoma kwa sauti moja, kama kwaya. Mzazi akipita nje anasimama kusikiliza. Nikajiona mwalimu kweli kweli.

Halafu siku moja akaja Baba Nyambura.

Huyu ni msee wa boda. Aliingiza pikipiki mpaka mlangoni mwa darasa, akaniita nje bila salamu.

"Mwalimu, huyu mtoto mnamfundisha kusoma ama kuimba?"

Nikamuuliza kuna nini.

"Jana nilikuwa natengeneza chain, mikono yote ni oil. Meseji ikaingia. Nikamwambia Nyambura anisomee, ni customer. Unajua alinisomea nini? Ati Juma amepoteza kiatu chake sokoni. Mwalimu, mimi sina customer anaitwa Juma!"

Wakuu, nilicheka, maana hiyo Juma ni hadithi ya kitabu chetu cha darasani. Mzazi wa watu amekasirika na mimi nimeshika ukuta nacheka.

Yeye hakucheka. Akasema tu, "Mimi niliacha shule mapema. Nilitaka huyu asikuwe kama mimi." Akawasha pikipiki akaenda.

Hapo kicheko kikaisha.

Wengine wakiwa kwa break nikamwita Nyambura. Nikampa kitabu, lakini nimekigeuza juu chini. Akakishika hivyo hivyo, akaweka kidole, akasoma hadithi ya Juma yote bila kukosea. Hata pale pa kupumua alipumua.

Nikaita mwingine. Hivyo hivyo. Mwingine naye akaanza kabla sijampa kitabu.

Nilikaa chini kwa kile kiti cha watoto. Hii kwaya yote niliyokuwa najivunia, wachache sana ndio walikuwa wanasoma.

Nikaenda kwa Kamande, mwalimu wa darasa la jirani, mtu amekaa pale kutushinda sote. Nikamwambia. Akapiga miayo.

"Kwani ulikuwa hujui? Wewe weka tablet kwa meza, ukiwa unapita bonyeza. Ofisi wataona unaenda. Halafu fundisha vile unataka. Mimi nimechoka, wangu waimbe tu."

Nikafanya hivyo. Tablet ikawa inabonyezwa kama mtu anayeangalia picha za ex wake, haraka haraka. Mimi na watoto tukarudi kwa a, e, i, o, u.

Nilikosa vitabu vya hiyo level, kwa hivyo nikawaambia walete kitu chochote kimeandikwa kutoka nyumbani. Wakaleta pakiti za unga, majani chai, sabuni, na mmoja akaleta dawa ya mbuzi, hiyo nikamrudishia mwenyewe nyumbani.

Ilikuwa kazi ngumu, wakuu. Wengine walilia. Walikuwa wamezoea kuambiwa "vizuri sana", sasa niko hapa nawaambia "hapana, angalia tena". Kuna jioni nilirudi Ngoingwa bila sauti.

Lakini polepole ikashika. Nyambura akaanza kusoma kila kibao kilichosimama. "Plot inauzwa." "Usikojoe hapa." Baba yake akanipigia kuniambia kwamba sasa mtoto anasoma hata meseji ambazo yeye baba hakutaka zisomwe mbele ya mama yake. Nikamwambia hiyo si shida ya shule.

Shida ni kwamba nilibonyeza sana.

Kwa system ya ofisi, darasa langu ndilo lilikuwa linaongoza. Wafadhili wakasema wanakuja kutoka ng'ambo kuona shule, na Madam Stella akawaleta moja kwa moja kwangu.

Mama mmoja mgeni akachukua kitabu, akafungua katikati, ukurasa ambao hatujawahi kuufikia. Madam akatafsiri: "Anataka mtoto mmoja asome." Kidole chake kikaenda kwa Nyambura.

Nyambura akasimama. "Ma... ma. Mama. A-me... ame-fu-nga. Mama amefunga..." Akakwama. Akanigeukia.

"Mwalimu, hii iko na kamstari kadogo juu, ni ile ya ng'ang'ana?"

Nikamwambia ndiyo.

"Ng'o... mbe. Ng'ombe! Mama amefunga ng'ombe!"

Nilitaka kurusha chaki hewani. Mtoto amesoma! Kitu hajawahi kusikia!

Mgeni alitabasamu ile ya kuonea mtu huruma, akaangalia saa. Wakaenda kwa Kamande. Huko watoto walisoma kama redio, kitabu chote kizima, na makofi nikayasikia kupitia mabati. Picha zikapigwa huko.

Baadaye Madam akaniita. "Class yako ilikuwa mbele ya zote. Mbona mtoto anasoma kama anatembea na jiwe kwa kiatu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nabonyeza tu. Sikumtaja Kamande. Nikamwomba kitu kimoja: achague mtoto yeyote shuleni, ampe ukurasa mpya.

Alitoka. Nikamwona kupitia dirisha akisimamisha mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine. Akarudi, akaweka kitabu mezani polepole. Aliwahi kuwa mwalimu pia, mnajua. Iliandikwa usoni kwamba hakuna aliyesoma.

"Usiseme hii kwa mtu," akasema.

Term ikaisha, contract yangu haikuongezwa. Alijua, na bado akanitoa. Mpaka leo sijui nimkasirikie ama nimhurumie.

Siku hizi niko Ruiru, kashule kadogo nyuma ya kanisa, chaki na ubao tu. Siku ya kwanza nikawapa Grade Four ukurasa mpya. Kumi na mbili tu ndio waliusoma, darasa zima. Nikaenda kwa headteacher nikijua nitafukuzwa kabla ya lunch.

Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Basi anza na wale wengine." Akarudi kwa chai yake.

Nilisimama pale nje nikipangusa macho na mkono uliojaa chaki. Sijawahi kupewa sentensi tamu kama hiyo kwa kazi.

Nilichojifunza: darasa likikusifu sana, kaa na mtoto mmoja peke yake. Ataongea ukweli ambao kwaya imeficha. Na wazazi, leo jioni mpe mtoto wako kitu hajawahi kuona asome. Usimsaidie.

Walimu wa Theta, Juja na kwingine, kwenu kukoje? Mwageni hapa chini. Na kama uko HR ya ile kampuni, karibu pia, lakini soma mwenyewe, usisomewe.