Kamba Yenye Mafundo Mawili

Mzee Masalu wa Nyakato alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalihusu pikapu yake. Aliwabebea watu dagaa kutoka mwalo wa Kirumba wanakoshusha wavuvi, saruji, vitanda, hata majeneza, tangu zile siku ambazo mtu aliweza kuwa na hela mkononi na spea asiipate. Siku hizo waipa ya kulia ilivunjika. Fundi akang'oa mkono wa waipa kwenye lori bovu, akauchomea pale. Ukawa mrefu kuliko mwenzake.

"Gari lina mkono wa baba na mkono wa mtoto," watu walicheka.

Lakini zilifuta.

Baadaye ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka ya Mirongo yakajaa waipa za Dubai, zinang'aa ndani ya nailoni. Madereva walinunua mvua ikianza, mvua ikikata wanatupa, raba zimeshakakamaa kwa jua. Zaidi ziliuawa na vile vidudu vya ziwani. Vikishatoka majini kama moshi na kujipaka kwenye kioo, dereva anawasha waipa juu ya kioo kikavu, na kioo kinageuka uji. Raba inachanika.

Za Masalu hazikuchanika. Wala hazikupiga kelele.

"Mzee, hizo waipa una dawa?" walimtania mwaloni.

"Ninayo. Iko nyumbani," naye akawatania.

Wakacheka wote. Shemeji yake Teodora, aliyeuza dagaa palepale, alicheka kuliko wengine.

Mkewe Paskazia alikufa kiangazi. Homa tu. Jana anachota maji, leo watu wanatafuta sanda. Kwenye kumaliza matanga nguo zake ziligawanywa kama ilivyo desturi, na furushi la vitenge likaenda kwa mdogo wake, huyo Teodora. Masalu hakutazama. Nani angeweza?

Mvua za vuli zilipoingia, kioo kikawa ukungu. Waipa zilikwaruza, zikaacha michirizi. Masalu alidhani ni macho. Mwanamume aliyelia kiasi kile ataona nini tena? Binti yake Modesta akamwambia, "Baba, uza gari kabla halijakuua." Alikuwa ameanza kukubali.

Ndipo asubuhi moja ya manyunyu, Teodora akaja na Mzee Shimba, baba mdogo wa marehemu. Modesta akatoa viti. Hawakukaa.

"Shikamoo, baba," alisema Masalu.

Mzee Shimba hakuitikia.

Mkwe akikunyima marahaba uwanjani kwako, jambo limekwisha kuharibika huko alikotoka.

Teodora akafungua kitenge, akamwaga vitu chini. "Shemeji, hii ni nini?"

Masalu akatazama. "Sijui."

"Hujui! Imetoka katikati ya vitenge vya dada yangu, imeviringishwa. Majivu kwenye kopo. Ndimu zilizokauka. Hivi vijoka viwili vyeusi, kimoja kirefu, kimoja kifupi. Na kamba, ina mafundo mawili. Nani alifungwa hapa? Sema!"

"Teodora..."

"Wewe mwenyewe ulisema mwaloni una dawa, iko nyumbani. Nikacheka! Mimi, kwa meno yangu haya! Kumbe dada yangu ndiye kafara ya hilo gari!"

Majirani walikuwa wamesogea. Masalu aliona mikono yao, iliyoshika mawe, kabla ya kuona nyuso zao. Alijua neno kama hilo likishatamkwa mchana, nyumba huwaka usiku. Modesta alikuwa mlangoni, kiganja mdomoni.

Kilichomshtua zaidi hakikuwa mikono ile. Kilikuwa kitenge. Alikijua kitenge kile, alikinunua yeye. Amelala na mwanamke yule mpaka mvi zikawaotea wote wawili, na hakujua alificha nini humo. Je, Paskazia? Alimfunga nani?

"Masalu," alisema Mzee Shimba. "Tulikupa binti yetu. Tupe neno moja."

Masalu aliinama akaokota kile kijoka kirefu, kwa vile hakujua la kufanya na mikono. Watu wakarudi nyuma. Akakikunja. Kikajirudisha chenyewe. Laini.

Mkono ulijua kabla ya kichwa.

Akaokota kamba, akaenda kwenye gari. Akashika ncha kwenye waipa ya kushoto, akanyoosha. Fundo la kwanza likaishia pale waipa inapoishia. Akahamia ile ndefu ya kulia. Fundo la pili. Palepale.

"Ni waipa," alisema.

"Ati nini?" alifoka Teodora.

"Raba za waipa. Njoo upime mwenyewe."

Teodora akapima. Akapima tena, akivuta kamba kwa hasira kama anayetaka irefuke. Haikurefuka. Na gari jingine lenye mkono wa baba na mkono wa mtoto, nani amewahi kuliona?

Modesta akaanza kulia. "Woga ulinifunga mdomo. Mama hakujua kusoma namba za vipimo. Alikwenda na kamba dukani, anapima. Kila alfajiri anatoa vidudu kwenye kioo kwa ndimu na majivu ya kuchekecha. Raba anazifuta kwa kitambaa, anazikunja. Isipojirudisha, anakwenda kununua nyingine." Akamgeukia Masalu. "Nilidhani unajua, baba."

Alfajiri zote hizo Masalu alikuwa ndani, anakunywa uji. Akitoka anakuta gari limelowa. Alidhani ni umande.

Mmoja wa majirani akaondoka, kisha wawili.

Teodora ndiye aliyeinama. Alichovya kitambaa kwenye maji, akakigusisha majivu, akaanza kusugua kioo taratibu, hakuambiwa na mtu. Masalu akachomoa raba zilizochoka, akapenyeza zile mpya. Ziliingia bila kulazimishwa. Akaketi kwenye usukani, akawasha.

Mkono wa baba ukapita, na wa mtoto. Kimya. Nyuma ya kioo palikuwa na uso wa Teodora, umelowa, na paji lilelile la Paskazia, na pua ileile. Hakuwa ameona kitu wazi namna hiyo tangu mazishi. Kumbe macho yalikuwa mazima.

Alishuka. Teodora alikuwa anakunja kitenge. Kopo la majivu aliliweka juu ya boneti. Kamba akampa mkononi, hakumtazama.

Mzee Shimba akavuta kiti, akakaa.

"Marahaba," alisema.