Zamu ya Mama Sein

Niseme mapema, mtu asije akanihurumia bure: aibu hii ilinigharimu sufuria mbili za chai, ndengu za watu kumi na mmoja, sifa yangu yote ya uvumilivu pale kanisani, na Jumamosi kadhaa ambazo mpaka leo sijui idadi yake. (Na mimi ni mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili. Nauza mapazia ya mitumba sokoni Kitengela. Mteja akinipa pesa nahesabu mbele yake, halafu nahesabu tena akishageuka.)

Chanzo kilikuwa mdomo wangu. Mimi na Mama Sein tumepakana ukuta miaka minane, na ndiye aliyenishika mkono siku ninamzaa Mumo, kifungua mimba wangu, mume wangu akiwa kazini Embulbul na simu yake imezima. Maziwa ya watoto wangu yametoka kwake. Sasa, hapo kisimani kwetu mtungi ndio unaokupangia laini: unauacha kwenye foleni, unaenda kukaa kivulini, zamu yako ikifika unaitwa. Siku moja Mama Sein aliitwa, naye badala ya kukimbilia mfereji akaanza kusalimia watu vile wazazi wake walimfundisha, yaani hujambo, watoto hawajambo, ng'ombe je, kwenu mvua imenyesha, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa nyuma yake na mapazia ya watu yananisubiri sokoni. Nikasema, tena kwa sauti, kwamba wengine wetu tuko na kazi, hatushindi tukichunga mbuzi.

Mama Sein aliuchukua mtungi wake ukiwa nusu akaondoka, na kwa miezi miwili hakunisemesha. Maziwa nikaanza kununua ya pakiti. Mumo akaniuliza kama Mama Sein amehama, na hapo ndipo nilijua nimepoteza nini.

Kwenye ushirika wetu wa nyumbani, kina mama kumi hivi na biblia zao, mwezi huo tulikuwa tunasoma habari ya uvumilivu. Mwenyekiti wetu, Mama Dorcas, akasema masomo yametosha, sasa aliyemkosea dada yake amkaribishe kwake, wale pamoja. Wote wakaniangalia. Nikakubali, na kwa vile mimi siwezi kukubali kitu bila kuongeza, nikaongeza kwamba nitakaa wiki nzima bila kumpandishia mtu sauti, na Jumamosi saa nane waje wote kwangu wasikie ushuhuda. Mama Sein alipelekewa habari. Alijibu kwamba atakuja, basi.

Siku sita nilishinda. Kuna mteja alinikunjulisha mapazia kumi na manne akaondoka na mikono mitupu, nikamwambia karibu tena mpenzi. Jumamosi asubuhi mfereji wa ploti ukakauka, na ndani sikuwa na maji hata ya kunawa uso.

Nilipofika kisimani nilihesabu mitungi, nikawa wa thelathini na nne. Nikahesabu tena, nikawa wa thelathini na tano, maana kuna mtu alikuwa amechomeka wake katikati nikihesabu. Nikanyamaza. Uvumilivu. Nikakaa kivulini nikaangalia saa: saa nne na nusu, saa tano, saa tano na robo, na ndengu zenyewe, anayezijua anazijua, haziivi kwa maombi.

Ndipo mzee wa mfereji, anayewajazia watu maji, akainua mtungi mmoja wa manjano wenye kitambaa chekundu kwenye mshikio, akauliza ni wa nani. Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Wangu pia ulikuwa na kitambaa chekundu, nilikichana kwenye pazia lililoungua na pasi. Nikasimama nikasema, "Ni wangu."

Maneno mawili tu. Mzee akachungulia ndani akaniambia kuna kitu nyeupe imekaa chini, asuuze kwanza?

"Jaza tu, mzee wangu, nina haraka."

Njiani nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: nimechukua mtungi, nimeacha mtungi, yote ya lita ishirini, mwenyewe akija atakuta wangu kwenye laini na jioni tutabadilishana. Hakuna aliyeibiwa. Kilichopungua ni zamu tu, na zamu haina uzito.

Kufika nyumbani mambo yakaninyookea mpaka nikashangaa. Ndengu ambazo hunilia saa nzima na zaidi ziliiva kwa nusu ya muda huo, zikalainika zenyewe kama uji. Chai nayo ikatoka rangi nzuri ya kuelekea wekundu, ambayo sijawahi kuipata hata kwa maziwa ya Mama Sein. Sikuonja, muda huo ningeutoa wapi. Nikamshukuru Mungu kwa kuwaangalia watu wa haraka.

Wageni walikuja kumi na mmoja. Mama Sein aliingia wa mwisho, akatua mzigo wake nje ya mlango, akasalimia kila mmoja taratibu, mimi nikiwa wa mwisho, kisha akakaa karibu na mlango kama mtu ambaye hajaamua. Nikawapakulia na kuwamiminia chai, halafu nikasimama na ushuhuda wangu, siku ya kwanza mpaka ya sita, mapazia kumi na manne nikayataja yote. Walikula kwa utulivu ambao sijawahi kuuona. Mama Dorcas alikuwa anameza macho amefumba, nikajua neno limemgusa. Nilipouliza niongeze chai, watu wanne walisema imetosha kwa mara moja.

Mama Sein alipiga funda moja, akalishikilia mdomoni. Akachungulia kikombe. Akapiga la pili.

"Mama Mumo," akasema, neno la kwanza nje ya salamu tangu ile siku ya kisima, "hii chai ulikuwa unapikia mbuzi?"

Akaendelea polepole, bila hasira, kwamba hii ni magadi, hii ladha anaijua, ni ile Baba Sein alitoa soko la Kajiado, na jana aliiyeyusha kwa mtungi awape mbuzi, ikabaki kidogo chini. Mtungi wa manjano. Uko na kitambaa ya shuka nyekundu.

Nilionja. Ilikuwa sabuni iliyotiwa sukari. Kumbe hao kina mama, kwa vile somo la mwezi lilikuwa uvumilivu, walikuwa wameamua kila mmoja kivyake kunivumilia. Mama Dorcas hata akaanza kunifungulia mlango wa kutokea, akasema maji ya Kitengela iko na chumvi, mnajua tu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikaanza kupatana na Mungu kimoyomoyo: yeye anataka ukweli wote, nikampa nusu, kwamba niliuchukua mtungi kwa kutojua. Akakataa. Nikapandisha mpaka robo tatu. Nimepatana bei na watu wagumu, lakini huyo hapunguzi hata kidogo.

Nikawaambia yote, pamoja na lile la haraka na lile la zamu haina uzito. Halafu nikamgeukia Mama Sein nikamwomba msamaha kwa mtungi, na kwa mdomo wangu wa ile siku.

Alisimama, akatoka nje. Nikajua basi, imeisha, maziwa ya pakiti mpaka watoto waolewe. Akarudi amebeba mtungi wangu, umejaa maji, kitambaa cha pazia kinaning'inia na maua yake. Alikuwa amefika kisimani akakuta zamu yake imeliwa na mtungi wangu uko nyuma kabisa. Pazia hilo lilikaa kwenye dirisha langu miaka mitatu, angelikosaje. Akasimama hapo hapo kwenye nafasi yangu mpaka ukafikiwa, akaniletea.

"Nilisema Mama Mumo ako na wageni, maji itamwishia."

"Kwa hivyo ulijua ni mimi tangu unaingia?"

"Nilijua. Sikujua utanipikia."

Na hapo akacheka, kwanza kwa pua, halafu kifua kizima, nyumba yote ikamfuata, na Mama Dorcas akakiri kwamba ile kufumba macho alikuwa anaomba kikombe kimwondokee. Mimi nililia, sitaficha, kama mtu ametuliwa gunia mgongoni. Tukachemsha chai nyingine kwa maji aliyoyaleta. Hiyo mpya Mama Sein alisema sitaionja kabla sijamaliza kikombe cha ile ya mbuzi, nikamaliza. (Choo cha ploti yetu ni kimoja. Wageni walitangulia, mimi nikawa wa kumi na mbili. Nilihesabu mara mbili, wala sikumpita mtu.)

Wakati wa kuaga nikamuuliza nimlipe nini, magadi ama mtungi. Akasema vyote viwili hataki kulipwa.

"Ulikula zamu yangu. Nilipe zamu. Jumamosi unanipangia laini, na usikae kivulini, usimame na usalimie watu."

Nikasema sawa, nikampa mkono. Maziwa yakarudi asubuhi iliyofuata.

Leo imekuwa Jumamosi ya tisa nasimama kwenye jua na mitungi miwili, nauliza hali ya ng'ombe za watu nisiowajua. Mimi, niliyezaliwa nikipatana bei, nilimpa mkono bila kuuliza ni Jumamosi ngapi. Na kumuuliza sasa nitaonekana sina uvumilivu. Kwa hivyo naomba ushauri wenu, nyinyi mnaojua kusema na watu: nimuulizeje?