Mke Mwenza wa Chuma

Wivu ni kidonda, na cha Filister kilikuwa wazi, kijiji kizima cha Magunga kikikiona. Mumewe, Dishon, alikuwa fundi wa mashine ya kukereza chuma katika karakana moja mjini Homa Bay, na nyumbani alikuja pale tu alipojisikia kuja. Filister aliiita mashine hiyo nyieka, yaani mke mwenza, wala hakuwa akitania.

Masika ya mwaka 1966 yakaanza. Kwa Waluo, mke wa mwana mkubwa hupanda kabla ya wake wa wadogo zake, na mumewe sharti alale nyumbani usiku wa kuamkia siku ya kupanda. Mama mkwe alishapanda. Zamu sasa ilikuwa ya Filister, na Dishon hayupo. Zilpah, mke wa shemeji yake Javan, alipita mlangoni kila asubuhi na jembe begani. Javan wake alikuwa hapo hapo uani, akinywa uji. Filister alimwonea Zilpah wivu hata kwa uji ule.

"Nyar Sindo, mvua haingoji mtu," Zilpah alimwambia, akimwita binti wa Sindo, kwao alikozaliwa. "Mama amesema usipoanza, kesho kutwa nitangulie mimi."

Mwanamke aliyepitwa hivyo husemwa kisimani mpaka uzeeni. Filister alidandia lori la samaki hadi Homa Bay, na njiani akaandaa matusi ya kumpa mwanamke atakayemkuta huko. Mwanamke hakumkuta. Alimkuta Dishon ameinama juu ya mashine, sikio karibu na chuma, akigeuza nati kwa vidole viwili.

"Ngoja kidogo, Mama Dolphine," alisema bila kuinua kichwa. "Hiki kichuma kilichofungwa hapa ndicho kizuizi. Kigari kinachobeba kisu kinakuja chenyewe, kinakigusa, klachi inateleza, kinasimama. Nikikaza klachi mno, kitasukuma mpaka kivunje kitu. Nikilegeza, kitasimama kabla hakijafika."

Akajaribu tena. Kigari kilitambaa, kikagusa, kikatulia. Dishon akatabasamu. Tabasamu kama lile Filister hakuwa amelipata tangu harusi, na moyo ulimchoma.

"Naionea wivu," akasema.

"Unaonea wivu chuma?"

"Chuma. Hicho unajua kimefika wapi. Mimi hujui nimefika wapi. Kesho kutwa Zilpah anapanda mbele yangu, na wewe umeinama hapa."

Dishon akazima mashine. Alifuta mikono, wakaondoka pamoja jioni hiyo hiyo.

Alfajiri Filister aliingia shambani wa kwanza, Zilpah akingoja mpakani kwa adabu. Alichimba shimo, akatia mbegu, kifua mbele. Kisha akageuka ili mumewe amwone.

Dishon alikuwa ameshafika barabarani, akisimamisha lori la Homa Bay. Filister alikuwa ameomba usiku mmoja, naye alipewa usiku mmoja.