Barua Zilizokaa Juu ya Moshi

Ulikuwa ule mwaka migomba ya Ngara iliponyauka, tukala ugali wa muhogo na maharage asubuhi, na jioni maharage na ugali wa muhogo. Wajukuu walinuna. Mimi nilitafuna.

Ndipo akaja dada mmoja kutoka hifadhi ya nyaraka, akitafuta barua za marehemu mume wangu, aliyekuwa mbunge. Barua hizo marehemu aliniandikia mimi, kutoka bungeni. Nilizitunza kwenye kichanja juu ya jiko pamoja na mbegu za maharage, maana moshi unafukuza mchwa. Kila nilipogeuza mbegu, niligeuza na barua. Zilikuwa kahawia kama samaki mkavu. Yule dada alinusa, akapiga chafya, akavaa glovu.

"Bibi, hizi zimepona kuliko za ofisini."

"Za ofisini nani alikuwa anazigeuza?"

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwepo. Akanivuta nyuma ya nyumba.

"Shemeji, toa ile ya zahanati. Utauvua nguo ukoo mzima."

Barua hiyo naijua. Mume wangu aliwaambia watu wa kijiji cha Nyabusozi kwamba serikali imewanyima zahanati. Mimi aliniandikia ukweli: siku ilipojadiliwa alikuwa amekaa palepale bungeni, akaogopa wakubwa, akanyamaza. Mwishoni akaandika kwamba anaona haya kurudi nyumbani. Alirudi. Nilimpikia, sikumsema. Na wanawake wenye uchungu wa kuzaa waliendelea kubebwa kwenye machela ya miti.

Nikamjibu shemeji, "Zinakwenda zote, au haiendi hata moja."

"Una kichwa kigumu kama jiwe la kusagia!"

"Hichohicho ndicho kaka yako alichokioa."

Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, dada alikuwa anaziandika namba kwa penseli. Mimi niliishia darasa la tatu, nasoma polepole kama ninayechambua mchele, lakini barua zangu nazijua kwa sura: hii iliungua pembe, hii panya aliionja, hii ilidondokewa samli. Ya samli, ile ya zahanati, haikuwepo.

"Shemeji, vua koti."

"Kuna baridi, shemeji."

"Baridi ya saa saba mchana? Vua!"

Dada akainamia penseli yake kama aliyepoteza kitu sakafuni. Shemeji akaingiza mkono mfuko wa ndani, akaitoa.

"Umejuaje, na shule yenyewe hukumaliza?"

"Mbuzi wangu nao hawana namba, na ninawajua."

Sikuwa namlipizia kisasi marehemu. Nilimpenda yule mwanaume pamoja na woga wake. Ila watu wakisoma zile barua nzuri tu, watamjua mtu ambaye mimi sikuishi naye. Na wale wa Nyabusozi hawatajua kamwe nani alinyamaza.

Dada akasema barua inaweza kufungiwa bila kusomwa mpaka watoto wetu wazeeke. Nikasema sawa, ifungieni, ila iwe ndani ya boksi. Shemeji akaona upenyo.

"Basi tuchane ukurasa wa mwisho tu, huo wa kuona haya. Nakuomba kwa kaburi la kaka, shemeji."

Nikaichukua barua mkononi mwake, nikaiweka juu ya nyingine, nikamtazama usoni.

"Zinakwenda zote, au haiendi hata moja."