Kanga za Radhi

Nimekuwa nesi wa chumba cha dharura kwa miaka kumi na moja, na kofi nililopigwa mwaka juzi halikuwa la kwanza. Nalisema mapema ili mtu asidhani nilikuwa mgeni wa mambo hayo.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mwanamume mmoja alimleta baba yake, mguu umevimba, na wao ndio waliotangulia kwenye benchi. Nyuma yao akaingia mama kutoka Tongoni na mtoto aliyeshikwa na degedege. Nikamchukua mtoto. Yule bwana akanifuata hadi kitandani.

"We dada, sisi tumekuja kabla yake!"

Nikamjibu bila kugeuka kwamba mguu unaweza kusubiri, mtoto hawezi. Kofi likanipata sikioni. Sindano iliyokuwa mkononi sikuiachia. Nilimhudumia mtoto mpaka akatulia, huku sikio linavuma, kisha nikaenda chooni nikalia kwa hasira.

Siku hiyohiyo nikaenda polisi kuchukua ile fomu ambayo mimi huwadai wote wanaoletwa kwetu wamepigwa. Askari aliitazama sare yangu akatabasamu.

"Nesi, leo fomu umeifuata mwenyewe?"

Sikutabasamu. Nikafungua kesi.

Siku ya tatu narudi nyumbani Chumbageni baada ya zamu, nakuta viatu vya kiume mlangoni. Wazee watatu wa ukoo wa yule bwana wamekaa na mama yangu. Halua imeshakatwa, na juu ya meza ipo doti ya kanga mpya ambayo mama ameshaipokea. Kwetu, kanga za radhi zikishapokewa, maneno yamekwisha, na anayeyafufua huonekana hana adabu. Mama hakuwa na nia mbaya. Wale ni watu tunaozikana nao.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu," akaitikia mkubwa wao. "Tumekuja kukuangukia. Kijana wetu kateleza. Ifute kesi, yaishe."

Nikamkumbuka mwenzangu kazini, nesi hodari kunishinda, aliyepigwa kwa kiti mgongoni. Wazee walimwendea hivihivi, akasamehe, kesi ikafutwa. Siku hizi anapanga mafaili ghorofani, maana mlango ukifunguliwa kwa kishindo huangusha alichoshika. Aliyempiga alirudi mwezi uliofuata na mgonjwa mwingine, akatusalimu kwa bashasha kama vile hakuna kilichotokea.

"Radhi nimeitoa, wazee wangu," nikasema. "Sina kinyongo naye. Baba yake akija kesho nitamfunga mguu kwa mikono hii hii. Lakini kesi siifuti, na kanga naomba mrudi nazo."

Mama akainamisha kichwa.

"Unatuvunjia heshima," akasema mmoja wao.

"Nilipigwa mbele za watu, baba. Nataka aambiwe mbele za watu kwamba nesi hapigwi."

Wakaondoka. Kanga wakaziacha palepale mezani, makusudi.

Kwa siku nne mama alikula chumbani kwake. Niliona aibu, sitaficha. Kumkatalia mzee uso kwa uso ni jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na kila nikipita mezani kanga zile zilinisuta. Mara mbili nilishika simu niwaambie polisi basi. Mara zote mbili nikaiweka chini, nikaenda kazini.

Asubuhi ya mahakama nilikunywa chai peke yangu. Nilipofika mlangoni nikamkuta mama ameshavaa buibui, kanga zimo kwenye mfuko uleule uliozileta.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Mahakamani. Halua tumeshaila, hiyo hawaipati tena," akasema, akitangulia kutoka. "Lakini kanga nilizipokea mimi. Nitazirudisha mimi."