Herufi za Uzi za Bibi Fulmati

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bibi Fulmati, jirani yetu hapa mjini Sehore, India, ni vidole vyake. Vilifuma kwa kulabu hata kwenye foleni ya maji. Alikuwa akimfumia mjukuu wake asiyeona, Ojasvi, herufi zote za Kihindi, maana mwalimu mkuu alimkataa shuleni mwaka jana, akidai hataweza kusoma.

Kila herufi Bibi aliianza kwa mstari wa juu, ule ambao herufi za Kihindi huning’inia chini yake.

“Bibi, shuleni mstari huo huandikwa mwisho,” nilimwambia.

“Wewe na shule yako! Utaanika nguo kabla ya kufunga kamba?”

Kidole cha Ojasvi kiliupata mstari, kikashuka taratibu.

“Ma,” akasema, akiitaja herufi ile.

Kesho mwalimu mkuu atamjaribu kusoma. Bibi amekwisha kumsuka nywele, na mtaa mzima tunasubiri.